Bwana ni Kiangazi Changu

Mwanangu Rehema,

Pokea salamu zangu kama za mtu aliye mbali, ingawa ninapoandika bado upo hapa hapa. Umekwenda nyumba ya pili kusukwa nywele na kicheko chako nakisikia kupitia dirishani. Barua hii nitaiweka sandukuni mwako kati ya kanga, uikute Mbeya kabla hujaenda kuimba.

Baba yako anakusalimu. Yupo uani anafunga kamba ya sanduku, anaifungua, anaifunga tena, na akisaidiwa anakasirika. Bibi yako anakusalimu, anasema chuo ni chuo lakini tumbo ni lako, ule. Mdogo wako Yohana anakusalimu kwa hasira, kwa sababu kitanda chako nimempa mdogo wenu Tabia. Tabia naye anakusalimu. Ameshakilalia tangu asubuhi asije akanyang'anywa. Hata yule mbuzi wako mwenye sikio lililochanika angekusalimu, ila amefungwa kwa kosa la kula mahindi ya jirani. Wote ni wazima, na hakuna hata mmoja anayejua ninachoandika.

Mimi mwili haujambo. Moyo una uchungu, mama, na sitauficha.

Habari za shuka, za sabuni, za kutokopesha vyombo vyako, nimezisema mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijafungua mdomo. Sizirudii. Mimi ni mtu wa darasa la nne, mwandiko wangu wenyewe unauona unavyopanda na kushuka, kwa hiyo siwezi kuupoteza kwa habari za sabuni. Nataka tuongee juu ya ule wimbo.

Jumamosi utasimama peke yako mbele ya mashine, kwaya nyuma yako, utaimba "Bwana ni Mvua Yangu", nao watautia kwenye kanda. Mwalimu Lazaro wa kwaya amekwishasema kanda zitauzwa mpaka Tunduma mpakani, na watu wa ng'ambo watanunua, siku hizi kila duka lina redio na kila redio ina njaa. Nimefurahi sauti yako itasafiri. Lakini wimbo ule nilitunga mimi, Rehema. Na neno la mvua si langu. Niliimba "Bwana ni kiangazi changu".

Najua umeshtuka. Umekua unauimba, umelala mgongoni mwangu ukiimbwa, hukuwahi kuuliza ulitoka wapi. Nyimbo za kanisani mtoto anadhani zimeota zenyewe kama nyasi. Nami sikukuambia. Ngoja nikuambie sasa ulivyokuwa.

Kwetu Ivuna unapajua kwa kwenda kusalimia tu. Ulienda ukiwa mdogo, ukalia joto, ukalilia kurudi. Hujawahi kukaa pale watu wakifanya kazi ya chumvi. Masika maji yanafunika bonde lote, na sisi tunakaa tu, tunalima kidogo, tunangoja. Halafu mvua inakatika. Maji yanarudi nyuma, tope linakauka, linapasuka, na asubuhi moja unatoka nje unakuta nchi imeota ukoko mweupe. Mama yangu alikuwa akiuona anavua kandambili kwa heshima. Ndipo tunaukwangua ule udongo, tunautia kwenye chungu chenye matundu chini, tunamwagia maji, yanadondoka yale machungu, tunayachemsha mpaka yakauke, chumvi ibaki. Kazi hiyo yote anayeifanya ni jua. Mvua moja ikikosea njia ikanyesha wakati huo, chumvi inarudi ardhini na wewe unabaki na tope. Kwa hiyo mama yangu aliposali hakuomba mvua. Alisema, "Bwana, tukaushie." Nilikua nikijua hivyo ndivyo watu wote wanavyosali.

Baba yako alikuja na baiskeli kutafuta chumvi, akarudi na mimi. Hayo anapenda kuyasimulia mwenyewe, namwachia.

Huku Mbozi nilikuta baridi, migomba na kahawa, na watu wanaoniita "mtu wa bondeni". Nikashika kikombe cha chai moto kwa mikono miwili wakacheka, eti natafuta joto la kwetu. Sikujali. Nilipata mtoto wa kiume. Ndiye uliyemfuata wewe, hukumwona. Aliugua kidogo tu, akaondoka kabla hajajua kukaa.

Rehema, nililia mpaka machozi yakaisha. Nasema kweli, yaliisha. Watu walikuja kunifariji, wakaniambia Mungu atanishushia neema kama mvua, atanilowesha kwa baraka. Walikuwa watu wema, lakini ndani yangu tayari kulikuwa na maji mengi, nilikuwa nazama, na wao wananiombea mengine. Kisha siku moja nilikuwa shambani peke yangu, napalilia, nikaona nimekauka. Sina chozi, sina hasira, sina ombi. Na katika ule ukavu nikasikia kitu kimebaki, kidogo, kikali, kama punje kwenye ulimi. Nilikuwa bado ni mimi. Bado namjua Mungu. Nikajua ni Yeye aliyenikausha, wala hakunikausha kwa kunichukia. Nikaanza kuimba palepale, jembe mkononi:

*Bwana ni kiangazi changu,*
*ayafukuzaye maji usoni pa nchi,*
*hata chumvi iliyojificha*
*ikaamka nyeupe, ikalisalimu jua.*

*Hakunijia na ngurumo,*
*alinijia na kimya cha udongo unaopasuka.*
*Akanivua tope langu,*
*akaniacha na ladha yangu.*

Nikauimba kwenye ushirika wa akina mama. Wanawake waliofiwa walilia, wasiofiwa walinyamaza. Mwalimu Lazaro alipita nje akasikia, akauomba kwa ajili ya kwaya. Niliona fahari, sikatai. Mtu wa bondeni anaimbwa kanisani!

Mwaka huo mvua ikachelewa.

Wewe ni mtoto wa huku, unajua mvua ikichelewa watu wanavyotazamana. Mbegu zimeshafukiwa, panya wanazifukua, mawingu yanakuja yanapita. Na kila Jumapili kwaya inasimama inaimba kwa sauti nne kwamba Bwana ni kiangazi. Nilianza kusikia kisimani. "Huyo wa Ivuna anaimba nini?" "Anaita jua." "Kwao wana dawa ya kufunga mvua, hamjui?" Mmoja akanisemesha usoni, akicheka lakini macho hayacheki: "Mama wa chumvi, tufungulie basi, hata ya mboga tu."

Wazee wa kanisa wakaniita. Baba yako alikuwa mmoja wao, mdogo kuliko wote. Walikaa kwenye benchi, mimi nikapewa kigoda. Mzee Simoni, aliyekuwa mkubwa wao, aliniuliza kwa upole kabisa.

"Mama, huko kwenu mvua ni adui?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Nilijibu swali aliloniuliza. Nilisema, "Wakati wa chumvi, ndiyo mzee."

Wakaguna wote pamoja. Nilijaribu kuendelea, lakini Kiswahili changu kilikuwa bado cha kununulia na kuuzia, na ya moyoni nilikuwa nayo kwa Kinamwanga cha kwetu tu, na wale ni Wanyiha. Nikasema, "Si mvua, wazee, ni ile… ni kukauka, ukikauka unaonekana." Mmoja akasema, "Umesikia? Anasema tukauke." Nikamtazama baba yako. Alikuwa ameshika kofia yake, anaigeuza, anaigeuza, kama anatafuta mahali ilipochanika.

Mzee Simoni akasema, "Hatukuhukumu. Badilisha neno moja tu. Weka mvua. Neno moja, mambo yaishe."

Baba yako akasema, na ndilo neno pekee alilosema siku ile, "Badilisha tu, mke wangu."

Nikabadilisha.

Bibi yako nilipomsimulia jioni alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo Simoni! Mwezi wa saba anapoanika kahawa kichanjani, wingu likitokea anakimbia na turubai kama kichaa. Wakati ule anamwita nani, kama si kiangazi?" Ilikuwa kweli tupu, na nilimpenda bibi yako tangu siku ile. Lakini aliyasema jikoni, kikao kimekwisha. Na yule nabii wa kwenye Maandiko aliyeomba mvua isinyeshe mbona hawakumwita kikaoni? Hilo nalo nililikumbuka nikiwa naosha vyombo.

Wiki ile ile waliyoimba "mvua", mvua ikanyesha.

Hapo ndipo waliponimaliza. Isingenyesha, pengine ningelirudisha neno langu polepole, mwaka mwingine, watu wakiwa wameshiba. Lakini ilinyesha usiku kucha, mito ikajaa, na asubuhi watu wakapita mbele ya nyumba yetu wakinisalimia kwa heshima mpya, heshima ya kumwogopa mtu. "Ahsante, mama." Ahsante ya nini? Ni kama kunishukuru kwa kufungua nilichokuwa nimefunga. Tangu siku hiyo wimbo wangu ukawa wimbo wa kupandia. Kila mwaka wanausimamisha. Mimi nasimama nao, naimba, na kila mwaka mvua ikichelewa kidogo kuna macho yanakuja kunitafuta kwenye benchi la akina mama.

Basi njoo Jumapili iliyopita. Wamekuaga vizuri, wamekupa zawadi, Mwalimu Lazaro akasema, "Rehema atatufafanulia wimbo wetu kabla hajatuacha." Ukasimama. Jinsi ulivyokuwa mzuri, mama! Ukasema mvua ni istiari ya neema, ardhi ni moyo wa mwanadamu, chumvi ni waamini waliojificha ambao neema inawaamsha. Ukasema mshairi ametumia taswira ya asili kumchora Mungu asiyeonekana. Watu wakasema amina. Mzee mmoja mjane, unamjua, alikuwa anafuta macho. Nami nilitaka kulia, na sikujua kama ni kwa fahari au kwa nini, maana mshairi alikuwa amekaa benchi la tatu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Tulipofika nyumbani nilikuuliza. Unakumbuka? Nilikuuliza, "Rehema, mvua ikinyeshea chumvi, chumvi inafanya nini?"

Ukasema, "Inayeyuka."

Nikasema, "Sasa itaamkaje nyeupe?"

Ukanicheka, ukanishika bega kama unavyomshika Tabia. "Mama, hiyo ni lugha ya picha. Haifuati mambo ya jikoni."

Siku zote tangu Jumapili nimekuwa nakujibu kifupi, nawe ukamwambia baba yako mama ana wasiwasi wa safari. Si wasiwasi wa safari peke yake. Ni lile neno, mambo ya jikoni.

Mwanangu, sina elimu ya kukufundisha mashairi. Hao walimu wako watakufundisha majina ya kila kitu, na uyashike, ni mazuri. Mimi najua jambo moja tu, na nimelilipia. Mtu akisema Mungu ni kitu fulani, kabla hujamweleza maana yake, muulize alikuwa amesimama wapi alipokiona.

Nimekosea mimi mwenyewe. Kule bondeni walihamia wafugaji, wakaanza kusali nasi, na mama mmoja wao alikuwa akiimba kwamba Bwana ni kengele shingoni mwa ng'ombe. Sisi wasichana tulimcheka mpaka akaacha kuja. Mungu kengele! Kumbe hatukuwahi kuhamisha ng'ombe kwenye vumbi, mbele huoni, nyuma huoni, mtoto mgongoni, na kitu pekee kinachokuambia njia haijapotea ni ule mlio kutoka kwa yule wa mbele. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa mtu mzima, niliposafiri na wafugaji siku moja. Yule mama alishahama, sikumpata kumwambia.

Na bibi yako, anapenda kusali "Bwana wa ua la kahawa". Mwaka wa kwanza nilidhani ni pambo tu. Halafu nikaona kahawa inavyochanua, shamba zima jeupe kwa mara moja, harufu inaingia mpaka kwenye ugali, na kabla hujamaliza kuwaita watu waje waone, imekwisha. Bibi yako aliniambia, "Ndivyo alivyonijia mimi. Mara moja. Tangu hapo nalima tu." Sasa mtu asiyelima kahawa akamwambie, mama, ua ni istiari ya uzuri. Si kosa. Lakini amepita nje ya nyumba bila kubisha hodi.

Huenda na wimbo wa mvua ni wimbo. Yule mzee mjane anaufutia macho, na siwezi kumwambia machozi yake yamekosea. Watu wa huku walimwona Mungu kwenye mvua kwa haki, shamba lao linawaambia hivyo. Wangetunga wao wa kwao ningewaitikia kwa moyo wote. Walichofanya ni kuchukua mlango wangu wakautia kwenye nyumba yao, ndiyo maana haufungiki. Chumvi bado imo humo ndani ya ubeti, imesahauliwa, inanyeshewa kila mwaka.

Jana nilimwambia baba yako nitakuambia. Akasema, "Mwache mtoto aende na amani." Nikamwambia, "Na mimi niliachwa na amani gani?" Akainuka akaenda kutazama mbuzi. Si mtu mbaya baba yako. Ananitunza, na hajawahi kunipiga wala kunitukana. Lakini siku ile alikuwa na neno moja la kusema, akampa Simoni. Nimeishi naye kwa upendo juu ya hilo, kama mtu anavyoishi juu ya sakafu yenye ufa. Ukiolewa, usitafute mtu asiyekosea. Tafuta atakayesema, "Ngojeni, bado hajamaliza kueleza."

Sasa nisikilize vizuri. Sikuamuru. Ukiimba "kiangazi" mbele ya mashine ile, Mwalimu Lazaro atashangaa, huenda atakasirika, utalazimika kumwonyesha barua hii au kumweleza kwa mdomo wako, nawe una Kiswahili ambacho mimi sikuwa nacho siku ile kwenye kigoda. Na kanda ikifika huku, mvua ikachelewa, watanitazama tena. Hilo nimelifikiria. Nipo tayari kutazamwa. Nimeshatazamwa kwa neno ambalo si langu, afadhali nitazamwe kwa langu. Kilichonishinda siku zote ni kwamba sikuwa na mtu wa kuusimamisha wimbo upande wangu, na sasa ninaye, naye anaondoka kesho.

Na ukiona huwezi, ukiona ni mzigo mkubwa kwa msichana anayeanza maisha, kwaya nzima inakungoja na gari lina saa yake, basi imba mvua. Nitakulaumu, nisikudanganye. Lakini nitakuwa mama yako vilevile, na uji wako utakuwa motoni likizo ikifika.

Ninachokuomba ni jibu, na lije upesi. Usingoje mpaka uzoee chuo. Jumamosi hiyo hiyo ukitoka kuimba, andika neno moja tu, mpe kondakta wa basi la Tunduma alishushe kwa yule mama muuza ndizi kwenye kituo cha basi cha Mpemba, tunafahamiana, atalifikisha. Maana nitakwenda Tunduma kuuza maharage, na maduka yale yanafungulia redio mpaka barabarani, nami sauti yako nitaitambua hata katikati ya malori. Nataka nijue mapema, mwanangu, kama ni ya kusimama nikasikiliza mpaka mwisho, au ni ya kuvuka upande wa pili wa barabara.

Ni mimi mama yako,
Mama Rehema